WhatsApp, Google Photos, Instagram au Flickr: picha zako za wikendi zikae wapi?

Kadi ya kamera inarudi nyumbani Jumapili jioni na picha 300. Jumatatu saa mbili asubuhi mwenye kamera anatakiwa kazini, na hapo katikati kuna chakula cha usiku, madaftari ya watoto na nguo za kupigwa pasi. Kwa mpigapicha wa namna hii, anayepiga kwa mapenzi tu na hana siku ya ziada, umaarufu wa mtandao haumsaidii sana kuchagua. Yanayomsaidia ni maswali mawili: nani hasa ataziona picha hizi, na zitakula dakika ngapi za wiki yake.

Tuchukue mzigo mmoja na kuupitisha kila mahali: picha 30 zilizochaguliwa, kamera ya megapikseli 24 (nukta milioni 24), kila JPEG, yaani faili la picha, ina pikseli (nukta) 6000 kwa 4000 na takriban MB 10. Mzigo mzima ni MB 300. Ukizipunguza hadi pikseli 2048 upande mrefu, kwa ubora wa asilimia 85, kila moja inashuka hadi karibu MB 0.8 na mzigo mzima unakuwa MB 24. Kwa anayenunua bando, hiyo ndiyo tofauti kati ya kupakia leo na kusubiri Wi-Fi ya ofisini.

| | WhatsApp | Google Photos | Instagram | Flickr |
|---|---|---|---|---|
| Picha inayomfikia mtazamaji | takriban pikseli 1600 upande mrefu. Zaidi ukichagua HD | kama ulivyoipakia, au megapikseli 16 ukichagua kubana | pikseli 1080 kwa upana | kama ulivyoipakia, kwa akaunti ya kulipia |
| Kikomo cha bure | hakuna, ila simu hujaa | GB 15, pamoja na Gmail na Drive | hakuna | picha 1000, zisizo za wazi 50 tu |
| Mtazamaji anahitaji | namba yako | kiungo tu | akaunti, kwa kiasi kikubwa | kiungo tu |
| Kazi ya kila wiki baada ya kuchagua | dakika 5 | dakika 5 | dakika 30 na kuendelea | dakika 15 |

Kwa ndugu: WhatsApp na Google Photos

Hakuna kinachomfikia bibi aliyeko Tanga na mjomba aliyeko Muscat kwa haraka kuliko WhatsApp. Tayari wanayo, hawahitaji nenosiri jipya, na wanajua pa kubonyeza. Tatizo ni hali ya picha inapofika.

Chukua picha ya arusi: wanawake wanane wamesimama mstari, wamevaa kanga za sare, na jina la kanga linasomeka vizuri kwenye kioo cha kamera. Tuseme kwenye faili la kamera kila herufi ya jina hilo ina urefu wa pikseli 40. Ikitumwa kwa ubora wa kawaida, upande mrefu unashuka kutoka 6000 hadi takriban 1600, kwa hiyo herufi inabaki na pikseli 11 hivi. Juu ya hapo picha inabanwa, na kubana huanza kuharibu palepale penye vitu vidogo vyenye kingo kali: herufi, nakshi za kitenge, nywele. Mtu akiichukua kutoka kundini na kuipeleka kundi jingine baada ya kuikata kidogo, inabanwa tena. Ikifika kundi la tatu, jina la kanga ni ukungu mweusi.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni HD, iliyoingia Agosti 2023. Kabla ya kutuma, bonyeza alama ya HD juu ya picha, au ingia kwenye mipangilio ya hifadhi na data uweke HD iwe ya kudumu. Bado inabana, lakini jina la kanga litasomeka. Ya pili ni kutuma picha kama hati badala ya picha. Faili linafika lilivyo, bila kuguswa, hata likiwa na GB 2. Hapa pana mtego ambao wengi hawaujui: picha ya kawaida ya WhatsApp huondolewa taarifa zilizofichwa ndani ya faili, ila hati huenda nazo zote, pamoja na alama ya GPS kama ilipigwa kwa simu yenye kurekodi mahali. Ukituma picha ya mtoto kibarazani kama hati, umetuma na mahali nyumba yako ilipo.

Kero nyingine ni ya wapokeaji. Picha 120 zikimwagwa kundini usiku mmoja, simu zenye kupakua zenyewe zinajaa kabla ya alfajiri na bando la mtu linakwisha kwa arusi isiyo yake. Tuma sita nzuri, na zilizobaki ziweke kwenye albamu ya Google Photos, kiungo chake ukibandike chini ya ile ya sita.

Kuhusu stetasi: inadumu saa 24, na anayeiona ni yule tu ambaye wewe umehifadhi namba yake naye amehifadhi yako. Inafaa kuonjesha. Atakayeuliza Jumatano "ile picha ya jahazi iko wapi" hataikuta.

Google Photos inashinda kwa kitu kimoja kikubwa: mtazamaji hahitaji akaunti wala programu. Anabonyeza kiungo, anaona albamu nzima kwa ukubwa wake, anapakua anazotaka. Hatua ni chache: chagua picha, unda albamu, ipe jina lenye mwezi na mwaka, washa kushiriki kwa kiungo, kisha ingia kwenye chaguo za albamu uzime kushiriki mahali picha ilipopigwa. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika. Jua pia kwamba kiungo hakina mlinzi. Yeyote atakayekipata anaingia, hata kama hukumtumia wewe. Arusi ikipita miezi mitatu, kizime. Picha zako zinabaki, mlango ndio unaofungwa.

Nafasi ndiyo habari nyingine. Hifadhi ya bure isiyo na kikomo ilikoma tarehe 1 Juni 2021. Sasa ni GB 15, na ndani yake mnakaa barua za Gmail, mafaili ya Drive, picha, na kwa wenye Android hata nakala ya mazungumzo ya WhatsApp. Kwa mzigo wetu wa MB 300 kwa wiki, GB 15 tupu zinakwisha kwa wiki 50. Kwa mzigo wa MB 24, zinatosha zaidi ya miaka kumi. Ikijaa, Gmail inaacha kupokea barua, na hapo ndipo mtu anapogundua tatizo la picha kwa kukosa barua ya kazi. Kwa hiyo pakia zile za pikseli 2048 tu, faili kamili za kamera ziweke kwenye diski ya nyumbani.

Kisha kuna ajali moja inayojirudia. Simu imejaa, mtu anafungua Google Photos na kuanza kufuta picha akidhani anapunguza simu tu. Anayefuta ndani ya programu hiyo anafuta kote, kwenye simu na kwenye wingu (hifadhi ya mtandaoni ya Google), na picha inatoweka hata kwenye albamu alizoshiriki. Kitufe anachokitaka ni kile cha kuongeza nafasi kwenye kifaa, ambacho huondoa kwenye simu zile tu zilizokwisha kuhifadhiwa. Kama umeshakosea, angalia pipa: picha iliyokuwa kwenye wingu hukaa humo siku 60.

Kwa wapenzi wa picha: Instagram na Flickr

Hapa hadhira inabadilika. Ndugu hupenda picha kwa sababu ni ya mtoto wao; mgeni ataipenda kwa sababu ya mwanga, pembe na subira uliyoitumia. Mitandao hii miwili inamtafuta mgeni huyo kwa njia zinazopingana.

Instagram ilizaliwa Oktoba 2010 ikiwa ya picha za mraba za simu. Juni 2021 mkuu wake, Adam Mosseri, alitangaza kwamba si programu ya kushiriki picha tena; nguvu ilihamia kwenye video. Athari yake kwa mpigapicha ni kwamba picha moja tulivu ya ngalawa inashindana na video ya sekunde kumi yenye muziki, na mara nyingi inashindwa. Ukurasa unaoshika watu ni ule unaochapisha mara kwa mara, unaojibu maoni mapema, unaotazama na kusifu za wengine. Hiyo ndiyo bei yake, na inalipwa kwa dakika. Mtu mwenye kazi ya kutwa aikubali bei hiyo akiwa na sababu: anataka wateja wa arusi, anataka wapigapicha wa mji wake wamjue, au anataka kualikwa kwenye matembezi ya kupiga picha. Hizo ni sababu halali, na kwa Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa hakuna mahali penye wapigapicha wengi wa kukutana nao kuliko hapo. Kama huna sababu mojawapo, nusu saa hiyo ilale.

Kisha umbo. Instagram inakupa upana wa pikseli 1080. Picha ya kusimama ya 3:4 (upana kwa urefu) inakuwa 1080 kwa 1440. Picha ya kulala ya 3:2 kutoka kwenye kamera inakuwa 1080 kwa 720, yaani nusu kamili ya eneo. Mtazamaji anayepitisha kidole anaiona picha yako ya kulala kwa nusu ya ukubwa wa jirani yake. Na picha ya kusimama nayo haisalimiki: kamera nyingi hupiga 2:3, kwa hiyo kuiingiza kwenye 3:4 kunakata asilimia 11 ya urefu, na kwenye 4:5 sehemu moja ya sita. Kwa jahazi lililopigwa likijaza fremu kutoka maji hadi ncha ya foromali (mti wa kufungia tanga), kinachokatwa ni ile ncha yenyewe, au kivuli chake majini. Anayejua picha itaishia Instagram aache nafasi juu na chini wakati wa kupiga. Tangu Januari 2025 vijipicha vya ukurasa wa mbele navyo ni 3:4 badala ya mraba, kwa hiyo mipango ya zamani ya miraba tisa inayounganika imevurugika.

Mambo matatu yanayopunguza kazi: unaweza kuweka hadi picha 20 kwenye chapisho moja, kwa hiyo wikendi nzima iwe chapisho moja au mawili. Akaunti ya kitaalamu, ambayo ni bure, inaruhusu kupanga machapisho hadi siku 75 mbele, ila lazima iwe ya wazi. Na ndani ya mipangilio ya matumizi ya data kuna kitufe cha kupakia kwa ubora wa juu. Kikiwa kimezimwa na mtandao ni dhaifu, picha hufika imechakaa na watu hudhani lenzi yako ina uchafu.

Flickr ni mzee zaidi, wa 2004, na amebadilisha mikono: Yahoo waliinunua 2005, SmugMug wakaichukua 2018. Wengi waliihama zamani na wanadhani imekufa. Haijafa, imetulia, na kwa mtu asiye na muda utulivu huo ni faida. Picha uliyoipakia leo itapatikana baada ya miaka mitano na mtu anayetafuta "Bagamoyo" au jina la ndege fulani, kwa sababu Flickr hutafutwa kwa maneno na albamu. Kwenye Instagram picha ya wiki iliyopita ni ya zamani tayari. Flickr pia huonyesha lenzi, kasi ya shata na ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) chini ya picha, kitu ambacho anayejifunza hukithamini kuliko moyo mwekundu. Na unachagua leseni kwa kila picha: haki zote zimehifadhiwa, au mojawapo ya leseni za Creative Commons ukitaka shule na magazeti madogo yaitumie kwa kukutaja.

Ubaya wake ni bei. Akaunti ya bure ina kikomo cha picha 1000 na kati ya hizo zisizo za wazi haziruhusiwi kuzidi 50. Ukiweka picha kumi kwa wiki, 1000 zinachukua karibu miaka miwili, kwa hiyo si haba kuanzia hapo. Lakini tangu Mei 2025 akaunti ya bure imezuiwa kupakua picha zenye zaidi ya pikseli 1024, ndiyo kusema usiihesabu kuwa ni ghala. Ya kulipia ni zaidi ya dola 70 kwa mwaka, nayo hulipwa kwa kadi. Ukiacha kulipa huku una picha 3000, zile zilizozidi 1000 ziko hatarini kufutwa. Hiyo dola 70 ni bei ya diski ya nje ya TB 1. Kama huna diski bado, nunua diski kwanza.

Kwa wengi, Flickr ya bure yenye picha kumi bora za wiki inatosha kabisa, na Instagram iwe dirisha la picha mbili au tatu kati ya hizo. Kufanya kinyume, Instagram nyumbani na Flickr dirishani, huchosha mapema.

Tovuti yako na wengineo

Tovuti binafsi huvutia: jina lako, rangi zako, hakuna matangazo. Lakini ina kodi ya kikoa (jina la tovuti), kodi ya seva (kompyuta inayoihifadhi), na WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, yenye viongezo vinavyotaka kusasishwa kila mara. Kiongezo kimoja kikiachwa miezi minane, siku moja ukurasa wako unaelekeza watu kwenye kamari. Kwa Tanzania, ongeza kusoma Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020 na marekebisho yake, uone kama unachotaka kuchapisha kinahitaji leseni. Tovuti ni ya anayeuza kazi.

Facebook huonyesha picha vizuri hadi pikseli 2048 na shangazi wote wako huko; kama familia yako imekaa humo, albamu yake inafanya kazi karibu sawa na ya Google. Pixelfed, mtandao wa picha unaofanana na Instagram, ni huru na haina matangazo, ila wasomaji wa Kiswahili ni wachache mno kwa sasa.

Dakika arobaini za Jumapili

Popote utakapochagua, kazi ya mwanzo ni moja. Tumia kisomakadi cha kuchomeka kwenye simu. Wi-Fi ya kamera ni polepole na hukata katikati.

Pitia picha 300 kwa sekunde mbili kila moja, ukiweka nyota tu bila kuhariri: dakika 10. Rudi kwenye zenye nyota, tuseme 60, ubaki na 30: dakika 5. Hariri moja ya kila mahali penye mwanga wa aina moja, kisha nakili marekebisho hayo kwenye zenzake. Lightroom ya simu, programu ya kuhariri picha, hufanya hivyo kwa kubonyeza mara mbili tatu. Zilizopigwa Forodhani saa kumi na mbili jioni zinapokea marekebisho yaleyale, zile za sokoni mchana mengine. Dakika 15. Kisha toa nakala: JPEG, pikseli 2048, ubora 85, rangi za sRGB (mpangilio wa rangi ambao programu nyingi huusoma), taarifa ya mahali iondolewe. Dakika kumi zilizobaki ni za kupakia na kuandika maelezo ya mstari mmoja: nini, wapi, lini. Anayetumia Snapseed, programu nyingine ya kuhariri, aweke kwenye mipangilio yake kipimo cha pikseli 2000 na ubora wa asilimia 95 mara moja tu, asirudie kila wiki.

Hiyo sRGB haikutajwa kwa urembo. Kamera nyingi zina chaguo la Adobe RGB, na wengine huliwasha kwa kusikia kwamba lina rangi nyingi zaidi. Programu isiyolisoma vizuri huonyesha rangi zimefifia: kijani cha mikoko kinakuwa cha kijivu, ngozi inakuwa kama ya mgonjwa. Ukiona picha nzuri kwenye kamera na imepauka mtandaoni, angalia hapo kabla ya kulaumu simu.

Sura za watu

Picha ya jahazi haina malalamiko. Ya muuza urojo inayo. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na sehemu moja ya starehe Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja asiyeridhia. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Albamu ya familia ni jambo la nyumbani. Ukurasa wa wazi unaotafuta wateja si jambo la nyumbani tena. Kwa hiyo picha za watoto wa wenzio ziende kwenye kiungo cha Google Photos kwa wazazi wao, na kwenye ukurasa wa wazi ziende zile ulizoomba ruhusa. Visiwani na pwani kwa jumla omba hata kabla ya kunyanyua kamera, hasa kwa wanawake na kwa wazee waliokaa barazani. "Naomba nikupige picha, nitaiweka mtandaoni" ni sentensi moja, na ile nusu ya pili ndiyo watu wanayoiruka.

Siku ya kuondoka

Kabla hujapakia miaka mitatu ya picha mahali popote, jaribu kuzitoa. Google ina huduma ya Takeout inayokupa kila kitu kwa mafaili ya zip. Albamu zinafika kama folda, lakini maelezo uliyoandika hukaa kwenye mafaili ya maandishi ya pembeni (JSON), si ndani ya picha. Instagram itakupa nakala zile zilizobanwa, zenye upana wa 1080, kwa sababu nyingine haina. WhatsApp itakupa ilichobakiza kwenye simu. Na akaunti ya Google isiyoguswa kwa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na picha zake, kwa hiyo ile uliyomfungulia mzee ili ahifadhi picha za wajukuu, iingie mwenyewe kila Idi au Krismasi.